Kijana Wetu, Gari Lake na Kitabu cha Kanuni

Si nyumba nyingi za mwambao wetu leo zisizokuwa na mtoto aliye Nairobi. Huyu yuko chuoni, yule ameajiriwa katika afisi za katikati ya mji, na mwingine amepanga chumba Kilimani, Parklands au kandokando ya Barabara ya Ngong. Akishapata mshahara wa miaka miwili mitatu hununua gari. Na akishanunua gari, mara nyingine simu zake kwa mamake hubadilika. Hazungumzii tena kodi ya nyumba, bali rimu, shoki, turbo na bomba la moshi. Mama aliyeko Mombasa au Lamu husikiliza asielewe, na moyoni hujiuliza suali moja: je, mwanangu anacheza, au anajitafutia ajali?

Suali hilo ni la haki, na wazazi wengi hulijibu kwa njia mbili zisizofaa. Wako wanaokataza kila kitu bila kuuliza, na kijana akaendelea kwa siri. Na wako wanaoachilia kila kitu kwa kuogopa kuonekana washamba, na kijana akaendelea bila mwongozo. Sisi twaona iko njia ya tatu: mzazi aujue mchezo wenyewe, azijue kanuni zake, kisha amuulize mwanawe masuali ambayo hata fundi wake hajamuuliza. Makala haya yameandikwa kwa ajili hiyo.

Mchezo tunaouzungumzia huitwa otokrosi. Si mbio za usiku za barabarani, ambazo ni uhalifu na mauti. Otokrosi huendeshwa katika uwanja uliofungwa, juu ya njia iliyowekewa alama, na mshindani halisi wa dereva ni saa. Hapa Kenya njia hiyo kwa kawaida ni ya vumbi na murram. Huko Marekani, aghalabu huwa ni uwanja mpana wa lami uliopangwa koni za plastiki, na anayeangusha koni huongezewa sekunde. Jijini Nairobi, mashindano ya aina hii yamewahi kufanyika katika viwanja vya Jamhuri, kando ya Barabara ya Ngong, palepale panapofanyika maonyesho ya kilimo na biashara. Msimamizi wa michezo ya magari nchini ni Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, lijulikanalo kwa herufi KMSF, na chini yake mna vilabu mbalimbali, kikiwamo cha kwetu cha Mombasa.

Nchi yetu si ngeni katika mambo haya. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na tangu hapo jina la Kenya likajulikana popote penye wapenzi wa magari. Joginder Singh alishinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Wanawake nao hawakukaa pembeni: Orie Rogo Manduli aliingia katika Safari miaka ya 1970, wakati ambapo wengi hawakudhani kwamba mwanamke wa Kiafrika angeweza kuketi katika gari la mashindano. Na hivi karibuni, mwaka 2022, vijana watatu wa Kenya, Hamza Anwar, McRae Kimathi na Jeremiah Wahome, walishiriki mashindano ya dunia ya vijana. Kwa hiyo kijana anayependa mchezo huu hakuokota wazimu njiani. Ameingia katika mila ya michezo iliyo na heshima yake. Lililobaki ni kuuingia kwa mlango wake.

Mlango huo ni madaraja. Mashabiki wengi hutazama mwendo tu, wasijue kwamba kabla ya gari kuwashwa limekwisha kupangwa katika daraja lake. Mantiki yake ni nyepesi kwa watu wa pwani. Hakuna mwenye akili atakayeshindanisha ngalawa na boti ya mashine, kisha akamsifu nahodha wa boti kwa kufika mbele. Ngalawa hushindana na ngalawa, na hapo ndipo hujulikana nani mjuzi wa tanga. Magari nayo hugawanywa kwa namna hiyo: yanayoendeshwa na magurudumu mawili mbali na yanayoendeshwa na manne, yenye turbo mbali na yasiyokuwa nayo, na vigari vya wazi vilivyoundwa kwa mashindano vikawa na daraja lao. Watoto nao huwa na madaraja yao na vigari vya kiasi chao.

Turbo ni mfano mzuri wa jinsi daraja linavyoweza kubadilika kwa kitu kidogo. Turbo ni pampu inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa nyingi zaidi ndani. Hewa ikizidi, mafuta nayo huzidi, na nguvu hupanda. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, huhesabu ukubwa wa injini ya petroli yenye turbo kwa kuuzidisha mara 1.7. Injini ya Subaru yenye ujazo wa sentimita 1,994, ambayo vijana wa Nairobi waipenda mno, kwa hesabu hiyo huwa kama ya sentimita 3,390. Kijana aliyekuwa akishindana na vigari vya wastani, akifunga turbo, amejipeleka mwenyewe kwa mapapa. Pengine hatashinda tena hata mara moja, na pesa zimekwisha kutoka.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, nacho ni kanuni moja ambayo vijana wengi huipindua. Katika mabadiliko ya gari la mashindano, ambacho kitabu hakikukiruhusu, hakiruhusiwi. Kijana husema, "Mama, sikuona popote palipoandikwa kwamba ni marufuku." Hiyo si hoja. Wasomaji wetu hawatapata tabu kuelewa tofauti hiyo, kwani wamefundishwa madrasani kwamba asili ya mambo ya kawaida ni ruhusa mpaka lije katazo, ilhali asili ya ibada ni kusimama mpaka lije agizo. Hatusemi kwamba mchezo ni ibada. Twasema tu kwamba kitabu cha mchezo kimechagua mwendo wa pili. Kimya cha kanuni ni katazo.

Tutazame mfano wa Marekani, ambako klabu iitwayo Sports Car Club of America, iliyoundwa mwaka 1944, imeipanga otokrosi kwa ufafanuzi mkubwa. Daraja lake la chini kabisa la magari ya barabarani huruhusu mambo machache. Shoki zaweza kubadilishwa, lakini springi zibaki zilizotoka kiwandani. Stabilaiza, yaani chuma kinachozuia gari kulala upande likipiga kona, yaweza kubadilishwa moja tu, ya mbele au ya nyuma, si zote mbili. Rimu yaweza kuzidi au kupungua inchi moja kwa kimo, lakini upana usibadilike. Chujio la hewa laweza kubadilishwa, lakini si sanduku lake. Bomba la moshi laruhusiwa kubadilishwa kuanzia nyuma ya kifaa cha kusafisha moshi, si kabla yake. Tairi zisiwe laini kupita kiasi. Sharti ziwe na namba ya uimara isiyopungua 200. Kompyuta ya injini haiguswi.

Mtu akisoma orodha hiyo upesi ataona ni ukali usio na maana. Akiisoma kwa makini ataona rehema ndani yake. Lau kila kitu kingeruhusiwa, mashindano yangekuwa ya mifuko, si ya madereva. Mwenye baba tajiri angenunua ushindi, na mwalimu wa shule mwenye gari la kawaida asingekuwa na nafasi. Kanuni zinazobana ndizo zinazomfungulia mlango asiyekuwa nacho. Na historia yetu wenyewe yashuhudia: Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, lilikuwa gari lililokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Kilichoshinda ni mikono, macho na uangalizi wa gari.

Upande wa pili wa historia una onyo. Mwaka 1995, magari ya turbo katika mashindano ya dunia yalitakiwa kupitisha hewa yote ya injini katika pete yenye kipenyo cha milimita 34, ili nguvu za magari zisipishane mno. Katika mashindano ya Catalunya, nchini Hispania, wakaguzi walifungua magari ya Toyota wakakuta pete iko, na kipimo chake ni sahihi. Lakini ilikuwa imetengenezwa kwa namna ya kwamba mpira wa hewa ukikazwa, pete husogea na kuacha upenyo wa kupitisha hewa ya ziada. Na mpira ukifunguliwa kwa ukaguzi, pete hurudi mahali pake kana kwamba hapakuwa na neno. Ulikuwa ni ustadi mkubwa, na ulikuwa ni udanganyifu mkubwa. Timu ilifutiwa alama zake na kufungiwa kwa miezi kumi na miwili. Hii ni kampuni ambayo miaka miwili nyuma, katika Safari ya 1993, ilikuwa imechukua nafasi zote nne za kwanza. Haikuwa na haja ya hila ili ijulikane, lakini hila ndiyo iliyokumbukwa.

Twaleta kisa hiki kwa sababu wazo lilelile, kwa umbo dogo zaidi, humfikia kila kijana mwenye gari. Tuseme yuko gereji ya jua kali upande wa Kawangware au Dagoretti. Fundi, ambaye ni mtu mwema na mjuzi wa kazi yake, amwambia, "Kijana, tukikutilia injini ile kubwa kidogo, kwa nje zafanana. Nani atajua?" Hapo ndipo pana mtihani, na haumo uwanjani hata kidogo. Yamkini kweli hakuna atakayejua msimu huu. Lakini katika michezo hii mshindani ana haki ya kuandika malalamiko rasmi dhidi ya gari la mwenziwe na kuweka dhamana ya fedha, kisha injini ikafunguliwa mbele ya wakaguzi. Gari likikutwa safi, mlalamikaji hubeba hasara. Likikutwa na kasoro, mwenye gari hupoteza ushindi, na jina lake hutajwa kwa namna ambayo hakuitaraji. Kikombe chaweza kurudishwa kwa siku moja. Jina huchukua miaka.

Fauka ya hayo, mwenye hila hajui uwezo wake. Akishinda, hajui kama ameshinda yeye au imeshinda injini. Kijana aliyeshika nafasi ya tano kwa gari halali amejifunza kitu juu ya nafsi yake. Aliyeshika ya kwanza kwa gari la hila hakujifunza chochote isipokuwa hila.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wapaswa kulishika barabara: uwanja una sheria zake, na barabara ina zake. Gari lililopitishwa na mkaguzi wa otokrosi halikupata kwa hilo ruhusa ya kutembea Waiyaki Way. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yamtaka mwenye gari atoe taarifa akibadilisha mambo yaliyosajiliwa, kama vile rangi au injini, na kumbukumbu za umiliki zirekebishwe. Kazi hiyo leo iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA. Kuhusu kelele, mna kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinazokataza makelele ya kupita kiasi. Bomba la moshi linalonguruma saa sita za usiku katika mitaa ya Lavington au Kileleshwa laweza kuwa halali uwanjani Jumapili mchana, na likawa dhuluma kwa mgonjwa na mtoto mchanga aliyelala ghorofa ya pili.

Bima nayo yataka kutazamwa kwa jicho kali. Bima ya kulinda watu wengine ni lazima kwa sheria, Sura ya 405. Lakini mikataba mingi ya bima hutenga kabisa hasara inayotokea katika mbio na mashindano, na hutaka mwenye gari aeleze mabadiliko aliyofanya. Kijana anayefunga turbo Jumamosi bila kuiarifu kampuni yake ya bima aweza kujikuta Jumatatu, baada ya ajali ya kawaida tu mbele ya taa za barabarani, hana wa kumsimamia. Deni hilo halitabaki Nairobi. Litapanda basi, litashuka Mombasa, na litabisha hodi kwa baba na mjomba.

Hata vifaa vya usalama vina mahali pake. Kizimba cha vyuma kinachofungwa ndani ya gari ili paa lisibonyee likipinduka humwokoa dereva aliyevaa kofia ngumu na kufungwa mikanda ya mashindano. Lakini katika gari la kwenda kazini na kumpeleka bibi hospitali, ambamo hakuna anayevaa kofia, vyuma hivyohivyo viko karibu na vichwa vya abiria, na mgongano mdogo waweza kuwa jeraha kubwa. Kadhalika, kung'oa viti vya nyuma na mikanda yake ili gari liwe jepesi ni jambo la gari la uwanjani pekee. Kijana hana budi kuchagua: gari hili ni la mchezo, au ni la familia? Likiwa la yote mawili, basi mabadiliko yake na yawe yale madogo yasiyoudhuru upande wowote.

Kwa wale ambao vijana wao wamekwisha azimia, twapendekeza utaratibu huu. Kwanza, kitabu kabla ya spana. Kijana apate kanuni za msimu uliopo kutoka kwa klabu au shirikisho, kwani kanuni hubadilika, na maneno ya rafiki wa gereji si kanuni. Pili, achague daraja kwanza, kisha atengeneze gari lifuate daraja, si kinyume chake. Tatu, pesa za mwanzo ziende kwenye usalama: kofia iliyokubaliwa, mikanda, kizimamoto, na betri iliyofungwa isiruke. Nne, ziende kwenye matunzo: breki, tairi, mafuta ya injini, boliti za magurudumu. Magari mengi hushindwa kwa uzembe wa vitu hivi, si kwa upungufu wa turbo. Tano, ndipo yaje mabadiliko yaliyoruhusiwa, moja baada ya jingine.

Sita, kila kipande kinunuliwe kwa risiti. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado waiita Grogan, ni soko kubwa la spea katikati ya mji, na mna wafanyabiashara waaminifu wengi humo. Lakini palipo na spea za mkono wa pili, popote duniani, hapakosi kipande kilichotoka katika gari la mtu bila ridhaa yake. Bei ikiwa ya ajabu, na muuzaji hataki kuandika jina wala tarehe, kijana aondoke. Risiti hizo, pamoja na vipande vya awali vilivyotolewa katika gari, viwekwe nyumbani. Siku ya ukaguzi ni ushahidi, na siku ya kuuza gari ni thamani. Saba, akiwa na shaka juu ya kipande chochote, amwandikie msimamizi wa ufundi na kungoja jibu la maandishi kabla ya kukifunga. Kuuliza kabla ni bure. Kuulizwa baada ya ushindi ni aibu.

Na mzazi? Mzazi hahitaji kujua jina la kila boliti. Yamtosha masuali machache, akayauliza kwa upole na kungoja jibu. Mwanangu, unashindana katika daraja gani? Kitabu chasemaje juu ya kifaa hiki ulichonunua? Je, bima yajua? Kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako zimelipwa kabla ya rimu hizi? Gari hili likifunguliwa na mkaguzi mbele yangu, litakuwa na kitu cha kunificha? Kijana aliyejiandaa atajibu masuali hayo kwa furaha, kwani hakuna kinachomfurahisha mwenye mapenzi kama kuulizwa juu ya akipendacho. Akianza kuzungukazunguka, mama ameshajua palipo na ufa, na ataweza kuuziba kabla haujawa ukuta.

Na siku ya mashindano, familia ikialikwa, tusione tabu kwenda. Tuchukue maji, kofia za jua na mitandio ya kukinga vumbi, tukae mahali palipoelekezwa na wasimamizi, na watoto wasiachwe wakaribie njia. Dada zao wakiuliza kama nao waweza kuendesha, jibu ni kwamba kanuni haziulizi jinsia. Zauliza leseni, kofia na gari lililo sawa. Kijana anayejua kwamba mamake yuko ukingoni mwa uwanja huendesha kwa namna nyingine: kwa bidii, lakini kwa akili. Na anayejua kwamba chini ya boneti yake hamna siri, hulala usingizi mwema usiku wa kuamkia ukaguzi.